Kioo cha mbele kinachovuja: cha kuziba nyumbani na cha kumwachia fundi

Masika yakianza Dar es Salaam, mwezi wa tatu, ndipo gari lililokuwa kimya mwaka mzima linapotoa siri zake. Mwenye gari anafungua mlango asubuhi anapokewa na harufu ya uvundo, vioo vimeshika ukungu kwa ndani, na akikanyaga breki maji yanachuruzika chini ya kisigino. Dawa inayojulikana mtaani ni moja: tyubu ya silikoni kutoka duka la vifaa vya ujenzi, inazungushiwa kioo cha mbele chote kwa nje, gari linaanikwa juani, basi. Mvua ya kwanza inapita salama. Ya tatu au ya nne maji yanarudi, pengine kwa upande mwingine, na sasa kuna utepe wa silikoni uliokamata vumbi ambao hauzibi wala hautaki kutoka.

Dawa hiyo hushindwa kwa sababu mbili. Kwanza, pale tone linapoonekana ndani ya gari si lazima iwe ndipo maji yalipoingilia. Pili, na hili ndilo zito zaidi, gundi iliyo pembeni mwa kioo cha gari la kisasa haikuwekwa kuzuia maji peke yake. Ndiyo iliyoshika kioo, na kioo chenyewe ni sehemu ya bodi. Upo mvujo ambao mtu mwenye subira anaweza kuumaliza uani kwake Jumamosi moja, na upo mwingine ambao kuuziba kwa nje ni kufunika hatari isionekane. Kabla ya kununua tyubu yoyote, inabidi ujue wa kwako ni upi.

Tuanze na kioo chenyewe. Kioo cha mbele si kipande kimoja. Ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja kama milimita 2, vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati ambao kwa kawaida una unene wa milimita 0.76. Wazo la kubandika hivyo lilitokana na mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, ambaye mwaka 1903 aliangusha chupa ya maabara iliyokuwa na mabaki ya kemikali yaliyokaukia ndani. Ikapasuka, lakini vipande havikutawanyika. Utando wa leo ni wa kemikali nyingine, ila una udhaifu mmoja unaotuhusu hapa: kingo zake zikikaa na maji muda mrefu, hunyonya unyevu na kuanza kuachana na kioo. Ule weupe unaoonekana kwenye kona za chini za kioo cha gari la zamani, usiofutika kwa ndani wala kwa nje, mara nyingi ni dalili hiyo. Ukiuona kwenye gari unalotaka kununua, uliza habari za maji.

Katika magari ya zamani kioo kilivikwa raba nene yenye mifereji miwili, mmoja umeshika kioo na mwingine umeshika bati. Peugeot 504 ilikuwa hivyo, Land Rover za zamani ziko hivyo, na Land Cruiser za 70, zile za mkonga, zimeendelea hivyo. Katika magari mengi madogo, hasa tangu miaka ya 1980, kioo kimebandikwa moja kwa moja kwenye ukingo wa bati kwa gundi nyeusi ya poliurethani. Noah, IST, Premio, Vitz, Harrier, yote ni ya gundi. Ule mpira mwembamba unaouona ukizunguka kioo, ambao mafundi huuita moldingi, upo kufunika nafasi na kuongoza maji tu, haukushika chochote. Moldingi iliyokakamaa kwa jua na kupasuka inachukiza macho, lakini peke yake si sababu ya zulia kulowa. Watu wengi huanza kwa kuibadilisha hiyo, wanalipa, na maji yanaendelea.

Uzito wa gundi unaonekana siku ya ajali. Mfuko wa hewa wa abiria wa mbele, katika magari mengi, hufumuka kuelekea juu, unaegemea kioo, kisha unamgeukia abiria. Kioo kikiachia, mfuko unakosa pa kuegemea. Gari likipinduka, kioo kilichoshikwa sawasawa husaidia paa lisibonyee. Marekani ina kanuni ya usalama wa magari, namba 212, inayoshughulikia jambo hilo moja: kioo cha mbele kibaki mahali pake gari linapogonga. Silikoni ya kuzibia sinki haikutengenezwa kwa mzigo kama huo, hata iwekwe nene vipi.

Sasa, gundi hii ikiwa imara hivyo, inavujaje? Ile ya kiwandani, isipoguswa, kwa kawaida hudumu pamoja na gari. Sehemu kubwa ya mivujo huanzia siku kioo kilipobadilishwa. Kutoa kioo ni kuikata gundi ya zamani kwa kisu maalumu au kwa waya mwembamba. Kisu kikiteleza kinakwangua rangi mpaka bati linaonekana. Mkwaruzo huo ulitakiwa kupakwa praima kabla ya gundi mpya kuwekwa. Fundi mwenye haraka, au ambaye mteja amembana bei mpaka hakubaki na hela ya praima, anaupita. Kutu inaanza chini ya gundi, gizani, ambako hakuna anayeiona. Kutu huvimba. Inainua gundi kidogo kidogo, na cha ajabu ni kwamba gundi yenyewe haijashindwa: imeshika kutu barabara, ila kutu ndiyo haijashika bati. Nafasi ya unene wa unywele inatosha kupitisha maji.

Kwa magari ya Mombasa, Tanga na Zanzibar hewa ya chumvi inaharakisha jambo hilo. Na gari lililoishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, linaweza kushuka bandarini likiwa na kutu yake tayari, huku rangi ya juu inang'aa.

Sababu nyingine ni za siku hiyohiyo ya kazi. Gundi hutandazwa kama utepe mmoja unaozunguka fremu nzima, na pale mwanzo unapokutana na mwisho ndipo penye udhaifu. Pasipounganishwa vizuri panabaki tundu. Kidole chenye mafuta kikigusa kioo mahali pa kubandika, gundi haitashika hapo. Dawa za kung'arishia dashibodi na matairi nyingi zina silikoni, na silikoni ni adui wa gundi hii. Tone lililorukia ukingo wa kioo linatosha kuharibu kona nzima. Halafu kuna haraka ya mteja mwenyewe, anayeondoka gereji saa ileile na kupita kwenye rasta na matuta wakati gundi bado ni uji.

Kabla ya kukilaumu kioo, lakini, kuna washukiwa wengine wanne au watano, na ninathubutu kusema wao ndio wanaochukua fedha nyingi za watu bure.

Anayeongoza ni kava la plastiki lililo chini ya kioo, pale waipa zinapotokea. Chini yake kuna mfereji unaopokea maji yote ya kioo na kuyatoa pembeni, nyuma ya matairi ya mbele. Gari linalolala chini ya mwarobaini au mkungu hujaza mfereji huo majani mpaka matundu yanaziba. Maji yanapanda, yanafika kwenye mlango wa hewa wa feni ya ndani, yanamwagikia miguuni kwa abiria. Hapo unaweza kubadilisha kioo mara tatu na hutapona. Dawa ni kufungua kava, kuzoa majani kwa mkono na kumimina ndoo ya maji uone kama yanatoka chini. Kama gari lina kioo cha paa, kuna mirija midogo inayoshuka ndani ya nguzo za mbele kutoa maji ya paa. Ikiziba, maji hutokea palepale ambapo mvujo wa kioo cha mbele ungetokea.

Maji yakionekana siku ya jua, mtazame kiyoyozi. Kiyoyozi hutoa maji masafi kupitia mrija unaochungulia chini ya gari; ukizibwa na matope, maji yanarudi ndani, kwa kawaida upande wa abiria. Na kama unyevu unanata, una harufu tamu na rangi ya kijani au nyekundu, hayo si maji ya mvua, ni kulanti inayovuja kutoka kwenye rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi. Milango nayo ina nailoni nyuma ya ubao wake wa ndani. Fundi wa redio au wa kioo cha pembeni akiichana na kuiacha, mvua inapenya na kushukia sakafuni.

Tuseme umewaondoa wote hao, na bado gari linalowa mvua inaponyesha tu. Sasa ni zamu ya kupima, na hapa subira ndiyo kila kitu. Kausha gari kabisa. Bandua plastiki inayofunika nguzo ya mbele upande unaolowa, isipokuwa kama imeandikwa SRS, maana yake nyuma yake kuna mfuko wa hewa na si mahali pa kuvutavuta. Mweke mtu ndani na tochi. Nje, chukua mpira wa maji usio na kibanio cha kurusha, acha maji yatiririke polepole kama mvua ya kawaida. Presha ya karwoshi haifai kabisa: inasukuma maji mahali ambapo mvua isingeyafikisha, utapata jibu la uongo.

Anza chini. Kona ya chini kulia, dakika tano. Katikati chini, dakika tano. Kona ya kushoto. Ndipo upande pembeni, na mwisho kabisa ukingo wa juu karibu na paa. Mpangilio huu ndio wenye maana kuliko vyote. Ukianza juu, maji yanashuka yanalowesha kingo zote, na aliye ndani akisema yameingia hutajua yameingilia wapi. Maji yakishapenya ukingo wa juu husafiri pembezoni mwa fremu, yanafuata gundi kwa ndani, yanashuka na nguzo, na yanajitokeza kwenye kona ya chini karibu na boksi la fyuzi. Ndiyo maana watu wengi hupaka silikoni kwenye kona ya chini ilhali tundu liko juu, karibu na kioo cha kujitazamia.

Kuna jaribio la pili ninalolipenda zaidi kwa sababu linaonyesha tundu lenyewe. Funga madirisha yote, washa feni ya ndani mpaka mwisho, na uhakikishe inavuta hewa ya nje, si kuzungusha ya ndani. Gari linajaa hewa. Kwa nje, paka maji ya sabuni kwa brashi kuzunguka kioo chote, taratibu, mahali pamoja kwa wakati mmoja. Penye njia hewa itatoka, na povu litachemka hapo kama linavyochemka kwenye tairi linalotafutwa pancha. Weka alama ya tepu. Mara nyingi utakuta mahali ni pamoja, urefu wa kidole tu.

Hapo ndipo unapoamua. Ukiwa ndani, weka kiganja juu ya kioo karibu na alama yako na usukume kwa nguvu ya kawaida, bila kukipiga. Kioo kisicheze hata kidogo. Kikicheza, kikilia, au nafasi ikifunguka kwa nje, gundi imeachia na kazi hiyo si ya uani. Vivyo hivyo ukiona rangi imetuna viputo pembezoni mwa kioo, kwa sababu kutu inayoonekana juu ni ndogo kuliko iliyo chini. Vivyo hivyo povu likichemka sehemu tatu au nne. Na kama kioo kilibadilishwa hivi karibuni, mrudie aliyekibadilisha kabla hujagusa kitu. Ukishapaka chako juu yake, amepata sababu ya kukukana.

Inabaki hali moja: kioo hakichezi, bati halina kutu, tundu ni moja na dogo. Hii unaweza kuitengeneza mwenyewe.

Chagua siku kavu. Inua moldingi kwenye eneo la tundu na kama sentimita 10 kila upande, ukitumia kipande cha plastiki. Kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa sana. Bisibisi usiiguse, itakwangua rangi na kuanzisha kutu ambayo hukuwa nayo. Saa za jua moldingi huwa laini na haichaniki. Chini yake utaona ukingo wa kioo, bati, na gundi nyeusi ndani kabisa. Ondoa mchanga kwa brashi ya meno. Kama kuna silikoni ya zamani, ikate kwa wembe na kuikwangua mpaka iishe, kwa sababu hakuna gundi itakayoshika juu yake, hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani. Kipande hiki ndicho kinachokula muda, na ndicho ambacho watu huruka.

Safisha kwa alkoholi ya aisopropili kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Petroli na mafuta ya taa huacha utando wa mafuta, hayafai. Acha alkoholi ikauke kabisa kabla ya kuweka gundi: ikibaki huizuia poliurethani kukomaa. Kwa sababu hiyohiyo usilainishe gundi mbichi kwa kidole kilicholowekwa spiriti.

Uamuzi wa pili ni wa kitu cha kuzibia. Viko viwili vinavyofaa. Kimoja ni silikoni nyepesi ya vioo vya magari, inayotiririka kama mafuta ya kupikia. Permatex ni mmoja wa watengenezaji wake. Hii inawekwa ukingoni, inaingia yenyewe kwenye nafasi nyembamba kwa jinsi maji yalivyokuwa yanaingia, na unaiongeza mpaka isinywewe tena. Ni rahisi, haihitaji ufundi. Kasoro yake inajitokeza baadaye: siku kioo kitakapobadilishwa, fundi atakuta silikoni imepenya kila mahali na lazima aikwangue yote. Kwa gari la kukaa nalo miaka miwili na kuliuza, huenda haikuumizi kichwa. Kwa gari lako la siku zote, ningechagua cha pili.

Cha pili ni poliurethani ya vioo vya magari yenyewe, inayouzwa kwenye katriji na kutolewa kwa bunduki ya kukandamiza. Dukani utaambiwa Sikaflex, jina ambalo limegeuka kuwa la aina zote, na hapo uwe macho, kwa kuwa Sika, kampuni ya Uswisi, huuza poliurethani za kuzibia nyufa za majengo na nyingine za kubandikia vioo vya magari, zote zikiwa na jina hilo na namba tofauti. Soma maandishi ya kwenye katriji, siyo jina. Tazama na tarehe ya mwisho wa matumizi. Katriji iliyoachwa mezani juani Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, inaweza kuwa imeanza kuganda kabla ya tarehe yake. Ukiibinya na kuhisi ngumu, irudishe.

Paka praima nyembamba kwenye kioo na mahali popote penye mkwaruzo wa rangi, kufuatana na maelekezo yake, kisha usubiri ikauke. Kata ncha ya katriji iwe nyembamba, ingiza ndani ya nafasi mpaka iguse gundi ya zamani, na usukume gundi mbele ya ncha badala ya kuiburuta nyuma yake. Ukiburuta unafungia hewa ndani, na kiputo cha hewa ni tundu jingine. Gundi ya zamani iliyo safi haihitaji kuondolewa. Mpya hushika vizuri juu yake, na mafundi wazuri wanapobadilisha kioo huacha kwa makusudi tabaka jembamba la ile ya zamani, milimita 1 au 2, juu ya bati. Vaa glavu na fanya kazi penye hewa, kwa kuwa gundi hii ina kemikali za isosayaneti zinazosumbua wenye pumu, na ikigusa mkono itakaa nawe siku kadhaa. Rudisha moldingi gundi ikiwa bado mbichi na uibane kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Gundi isibaki wazi juani, mionzi ya jua huila. Ule mkanda mweusi uliochapwa kuzunguka kioo kiwandani upo kuikinga.

Kuhusu kukauka, watu hushangaa kusikia kwamba poliurethani haikauki kwa joto la jua bali kwa unyevu wa hewani. Katika joto la nyuzi 23 na unyevu wa wastani hukomaa kiasi cha milimita 3 hadi 4 kwa siku kutoka nje kwenda ndani. Dar au Mombasa, kwenye jasho la mwezi wa tatu, ngozi ya juu inajishika upesi, kwa hiyo una muda mfupi wa kurekebisha ulichokosea. Dodoma wakati wa kiangazi utasubiri zaidi. Kupima kwa maji, acha siku mbili zipite.

Neno moja kuhusu silikoni ya ujenzi, kwa kuwa ndiyo iliyotuleta hapa. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi ya asetiki inapokauka. Asidi hiyo inakula bati lililokwanguka, na inaweza kuudhuru ule utando wa katikati ya vioo. Zipo silikoni zisizo na asidi na hizo hazina madhara hayo, ila bado hazitabeba kioo.

Wenye magari ya raba kazi yao ni tofauti, na kwa kweli ni nyepesi. Raba huzeeka, husinyaa, na hufunguka kwenye kona kwanza. Maji yanaweza kupita kati ya raba na kioo au kati ya raba na bati, kwa hiyo zinazibwa njia zote mbili: unainua mdomo wa raba kwa plastiki na kuingiza mastiki ya butili, ile isiyoganda kamwe, ili raba iendelee kucheza gari linapojinyonga barabarani. Gundi inayokauka na kuwa ngumu itapasuka safari ya kwanza ya porini. Raba ikishakuwa na mipasuko, nunua mpya. Kuiweka ni kazi ya watu wawili, maji ya sabuni na kamba: raba inavikwa kwenye kioo, kamba inazungushwa ndani ya mfereji wa nje wa raba, kioo kinawekwa mahali pake, halafu mmoja anasukuma kwa nje huku mwingine, ndani, akivuta kamba taratibu ikiinua mdomo wa raba juu ya bati. Anza katikati chini. Anayevuta asimkimbie anayesukuma.

Kuna na sakafu. Chini ya zulia kuna sponji nene inayoshika maji wiki kadhaa hata juu pakionekana pakavu. Fungua vizingiti vya milango, inua zulia, toa sponji uianike. Ukiwa hapo, tazama plagi za waya zilizolala sakafuni na boksi la fyuzi pembeni mwa miguu ya dereva. Ukungu wa kijani kwenye shaba ni dalili ya taa za dashibodi zitakazoanza kuwaka zenyewe. Katika Toyota nyingi kontroli boksi ya injini iko nyuma ya droo ya dashibodi, si mbali na njia ya maji. Toa waya wa betri kabla ya kugusa plagi yoyote.

Na kama kioo kilicheza ulipokisukuma, kitolewe, kisafishwe na kubandikwa upya. Wanaoifanya kazi hii wapo Ilala, wapo Nairobi, wapo Kisekka Kampala, na tofauti kati yao haionekani kwenye bei. Ikague kwa maswali. Muulize gundi ni ipi na umwone akiifungua mbele yako. Muulize atafanya nini akikuta kutu: jibu sahihi ni kupiga msasa mpaka bati safi, kupaka praima ya kuzuia kutu na kuiacha ikauke, hata kama gari litalala gereji. Akisema gundi itafunika, tafuta mwingine. Tazama kama anagusa ukingo wa kioo kwa mikono mitupu baada ya kuusafisha. Kubali kwamba kioo cha zamani kinaweza kupasuka wakati wa kutolewa, mkubaliane mapema nani atalipa.

Muda wa kusubiri kabla ya kuendesha umeandikwa kwenye gundi. Nyingine ni saa moja, nyingine saa kadhaa, na anayetakiwa kukuambia ni katriji, siyo foleni ya wateja walio nyuma yako. Siku hiyo ya kwanza epuka barabara mbovu na karwoshi. Na kila unapofunga mlango, acha kioo kimoja cha pembeni kimeshuka kidogo: mlango ukibamizwa gari likiwa limefungwa kote, hewa iliyokosa pa kutokea hukisukuma kioo cha mbele kutoka ndani na kufungua njia kwenye gundi ambayo bado ni laini.